Maswali ya Wasomaji: Kituo cha Umeme Kilichomeza Dola Bilioni 7.5

Katika toleo lililopita tuligusia, kwa mistari miwili tu, habari ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha Kemper huko Mississippi, Marekani. Mistari hiyo miwili imetuletea barua nyingi kuliko kawaida ya safu hii, nyingine za ukali. Tumechagua nne, na tumezifupisha bila kubadili maana yake.

Shikamoo mzee wa safu. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, ninaishi Kizota hapa Dodoma. Mliandika kwamba Marekani walijenga kituo cha kufua umeme kwa makaa ya mawe kwa dola bilioni 7 na zaidi, halafu wakakilipua. Wenzangu kijiweni wanasema mmekosea tarakimu, kwamba huenda ni milioni 7. Ni kweli ilikuwa bilioni? Na kama ni kweli, watu wenye wahandisi wengi namna ile wanakoseaje hesabu kiasi hicho? – A.M., Kizota

Marahaba, fundi. Waambie wenzako kwamba tarakimu ni sahihi: ni dola bilioni 7.5. Kosa letu lilikuwa kwenye neno jingine, na ni haki tulikiri. Kilicholipuliwa tarehe 9 Oktoba 2021 si kituo chote, bali ni sehemu ya kugeuza makaa kuwa gesi, ambayo ndiyo iliyokuwa kiini cha mradi na ndiyo iliyomeza fedha nyingi zaidi. Sehemu iliyobaki nitaifikia kwenye barua ya mwisho.

Mwaka 2010 kampuni ya Mississippi Power, ambayo ni tawi la Southern Company ya Atlanta, ilipata ruhusa ya kujenga kituo cha megawati 582 katika kaunti ya Kemper, eneo la mashambani lenye watu wachache. Chini ya ardhi ya pale kuna makaa machanga yanayoitwa lignaiti, ya rangi ya kahawia, yenye joto dogo na yaliyojaa maji kiasi kwamba ukiyapakia kwenye lori, sehemu kubwa ya mzigo unaoulipia nauli ni maji matupu. Makaa ya namna hiyo hayabebeki kwenda mbali kwa faida, na kwa sababu hiyo kituo kilijengwa pale pale mgodini.

Hayakukusudiwa kuchomwa kama tunavyochoma mkaa jikoni. Mpango ulikuwa yakaushwe, yasagwe, kisha yaingizwe katika matanuri mawili marefu yenye joto kali na presha kubwa, ambamo hayawaki mpaka kuwa majivu bali hugeuka kuwa gesi. Gesi hiyo ingesafishwa, salfa ingeondolewa, kiasi cha asilimia 65 ya hewa ukaa kingenaswa kabla hakijapanda angani, na hewa ukaa hiyo ingepelekwa kwa bomba hadi kwenye visima vya mafuta vilivyochoka ili isukume juu mafuta yaliyosalia. Gesi iliyosafishwa ndiyo ingezungusha mitambo ya umeme. Mgodi ungekuwa wao, umeme ungekuwa safi kuliko wa makaa ya kawaida, na hewa ukaa yenyewe ingeuzwa. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri sana, na sishangai kwamba serikali ya Marekani iliutengea ruzuku ya dola milioni 270.

Tume ya Huduma za Umma ya Mississippi, ambayo kwa kazi yake ya kudhibiti huduma kama umeme unaweza kuiita EWURA ya kule, iliweka ukomo wa gharama za ujenzi kuwa dola bilioni 2.88, na kituo kilitakiwa kianze kazi Mei 2014.

Sasa tuje kwenye swali lako la hesabu. Teknolojia ya matanuri yale ilikuwa imejaribiwa kwa miaka mingi huko Wilsonville, Alabama, lakini katika mtambo mdogo wa majaribio. Wewe ni fundi, unajua kwamba kuwasha taa moja kwa waya uliounga mwenyewe si sawa na kutandaza nyaya za jengo la ghorofa kumi kwa mtindo ule ule. Mtambo ulipokuzwa, kila kitu kiliongezeka, na baadhi ya vitu havikuongezeka kwa kiwango kilichotarajiwa: mabomba, vyuma vya nguzo, saa za wachomeleaji. Kibaya zaidi, ujenzi ulianza wakati sehemu kubwa ya michoro haijakamilika, kwa hiyo makadirio ya mwanzo yalikuwa ni makadirio ya kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekichora chote. Fundi mwashi anayekupa bei ya nyumba kabla hujampa ramani ama ni mwongo ama ni jasiri mno. Sitaki kuwaita wale waongo.

Ila kuongezeka kwa mabomba peke yake hakufikishi dola bilioni 2.88 kwenye 7.5. Kuna kitu kingine kinachofanya kazi usiku na mchana hata mafundi wakiwa wamelala, nacho ni riba. Hapa niruhusu nitoke Mississippi kidogo, nirudi Nkuhungu.

Mtaani kwetu kuna kijana aliyechukua mkopo wa shilingi milioni 9 ili anunue mashine ya kusaga na kukoboa. Mashine ilifika, akaijengea msingi wa zege, akapaka ukuta rangi na kumlipa mchoraji aandike HUDUMA YA KUSAGA NA KUKOBOA kwa herufi nyekundu. Umeme wa njia tatu haukufika. Aliambiwa wiki mbili, ikawa miezi mitano. Nilipita pale mara nyingi. Mashine ilikuwa imefunikwa kwa magunia, na kuku wa jirani alikuwa amefanya kinu kuwa kiota chake, ukiinua gunia unakuta mayai manne yamepangana vizuri. Wakati huo wote kijana alikuwa akienda kila mwezi kulipa marejesho, kwa sababu kitabu cha mkopo hakikuuliza kama mashine inasaga. Mwezi wa nne akakopa kwa shemeji yake ili alipe rejesho la mwezi ule. Siku umeme ulipofika, bei ya mashine yake haikuwa tena milioni 9. Ilikuwa milioni 9, pamoja na riba ya miezi mitano bila kuingiza senti, pamoja na deni la shemeji.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Kemper, tofauti ni idadi ya sifuri. Kituo cha umeme kinakopewa miaka kabla ya kuuza uniti moja, na kila mwezi wa kuchelewa unaongeza riba, mishahara ya maelfu ya wafanyakazi, kodi ya mikreni na gharama za kuvitunza vifaa vilivyokwisha fungwa. Mei 2014 ilipita kituo kikiwa hakijakamilika, na kampuni ikalazimika kurudisha nafuu ya kodi ya dola milioni 133, iliyokuwa na sharti la kumaliza kwa tarehe hiyo. Mwaka 2015 chama cha ushirika wa umeme kilichokuwa kimeahidi kununua asilimia 15 ya kituo kikajitoa, na amana yake ikabidi irudishwe pamoja na riba. Kwa hiyo ucheleweshaji haukuongeza gharama tu, ulifukuza pia watu waliokuwa wasaidie kuzibeba.

Gesi ya kwanza kutoka kwenye makaa ilipatikana mwaka 2016, na kwa vipindi fulani umeme wa makaa ulifuliwa kweli. Halafu mapema mwaka 2017 mabomba ya kupozea gesi moto yakaanza kuvuja, na ikaonekana kwamba kuyabadilisha kungechukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Tarehe 28 Juni 2017 kampuni ilisimamisha kazi yote ya makaa. Haikuirudia tena.

Jambo la mwisho, ambalo kwa maoni yangu lingekiua kituo hata kama mabomba yasingevuja, ni bei ya gesi asilia. Mradi ulipobuniwa, Wamarekani walikuwa na hofu ya gesi, kwani mwaka 2008 ilipanda hadi kupita dola 10 kwa kipimo kile ambacho mwaka 2016 kilikuwa kinauzwa kwa chini ya dola 3. Kati ya miaka hiyo walijifunza kupasua miamba kwa maji ya presha na kutoa gesi iliyokuwa imenaswa ndani yake, na gesi ikajaa sokoni. Kituo cha Kemper kilikuwa kinatumia mabilioni kutengeneza gesi kutokana na matope meusi wakati bomba la gesi ya bei rahisi limefika mlangoni. Wakulima wa Kibaigwa wataelewa: umehifadhi mahindi ghalani ukingoja bei ya Februari, na mwaka huo mavuno yakawa makubwa kila mkoa.

Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka Kibaigwa. Kwetu anayekopa ndiye anayelipa, na akishindwa wanachukua shamba. Ninachotaka kujua ni kimoja: hizo bilioni 7.5 zililipwa na nani? Maana nina wasiwasi kwamba jibu ni mwenye luku. – Mama K., Kibaigwa, Kongwa

Wasiwasi wako, mama, una msingi, na kwa muda fulani jibu lilikuwa hilo hilo. Mwaka 2008 jimbo la Mississippi lilitunga sheria iliyoruhusu kampuni ya umeme kuwatoza wateja gharama za kituo wakati kituo kingali kinajengwa. Kwa mujibu wa ruhusa hiyo, mwaka 2013 bei ya umeme ilipandishwa kwa asilimia 15, kisha ikaongezwa asilimia 3 mwaka uliofuata. Mississippi Power ina wateja wasiozidi laki mbili, katika jimbo ambalo ni miongoni mwa maskini kabisa nchini mwao. Gawanya bilioni 7.5 kwa watu hao na utaona ni karibu dola elfu 40 kwa kila mteja. Kwa hesabu hiyo hakuna luku ingetosha.

Mfanyabiashara mmoja wa mji wa Hattiesburg alikwenda mahakamani kupinga tozo hizo, na Februari 2015 Mahakama Kuu ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba hazikuwa halali. Kampuni ililazimika kurudisha dola zaidi ya milioni 300 kwa wateja wake. Nimeisoma habari hiyo mara kadhaa na kila mara hunifurahisha, kwani si kawaida mtu kurudishiwa fedha ya umeme aliyokwisha kuilipa.

Mzigo uliobaki ukaelemea upande mwingine. Kwa kuwa Tume ilikuwa imeweka ukomo wa gharama, sehemu kubwa ya ziada haikuweza kuingizwa kwenye bei ya umeme, ikabaki mikononi mwa kampuni mama, yaani kwa wenye hisa za Southern Company, ambao hasara yao ilipita dola bilioni 6. Makubaliano ya mwaka 2018 yalimaliza ubishi: mteja analipia sehemu ya kituo inayofanya kazi, na sehemu ya makaa halipii. Walipa kodi wa Marekani nao walipoteza ruzuku yao.

Angalia jinsi ukomo ule wa dola bilioni 2.88 ulivyokuwa na nguvu, ingawa haukuzuia gharama kupanda hata kidogo. Uliamua tu zikipanda zimwangukie nani. Sisi tuna kumbukumbu chungu ya mkataba ulioandikwa kwa namna nyingine. Mkataba wa IPTL wa mwaka 1995, wa mitambo ya mafuta mazito ya megawati 100 pale Tegeta, ulilitaka shirika letu la umeme lilipie uwezo wa mitambo kila mwezi, iwe imewashwa au imezimwa. Kule hatari ilimwangukia mwenye mtambo, na huku ikamwangukia mnunuzi. Mama, ukiuza gunia kwa mkopo unaandika kwenye daftari nani atabeba hasara likioza njiani. Wenye vituo vya umeme nao huandika, ila daftari lao lina kurasa mia tatu na mteja halioni.

Ndugu mhariri, mnatuonyesha Marekani tu. Botswana na Afrika Kusini wana vituo vya makaa, na sisi tuna Kiwira, Ngaka na Mchuchuma. Je, mnamaanisha makaa ya mawe hayafai kabisa? Naomba jibu lisilo la kisiasa. – Mwalimu wa sekondari, Manyoni

Mwalimu, hatumaanishi hivyo, na ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya umeme wa Afrika Kusini umetokana na makaa kwa miongo mingi. Vituo vyao vya zamani vilijengwa kwa mtindo uliokwisha zoeleka, vikazalisha umeme wa bei nafuu. Taabu ilianza na vipya. Kituo cha Medupi kule Limpopo, cha megawati 4,764, kilianza kujengwa mwaka 2007, na mwaka 2010 Benki ya Dunia iliikopesha Eskom, shirika la umeme la nchi hiyo, dola bilioni 3.75, nyingi zikiwa za kituo hicho. Maelfu ya viungo vya kuchomelea kwenye maboila vilikutwa na kasoro, vikarudiwa. Mashine ya mwisho ilikabidhiwa tarehe 31 Julai 2021, miaka mingi baada ya tarehe iliyoahidiwa, na tarehe 8 Agosti, siku nane tu baadaye, jenereta ya mashine namba 4 ikalipuka. Pamoja na ndugu yake Kusile, Medupi ni sehemu kubwa ya sababu zilizoifanya serikali ya Afrika Kusini mwaka 2023 itangaze kubeba randi bilioni 254 za madeni ya Eskom.

Botswana walijenga Morupule B karibu na Palapye, mashine nne za megawati 150 kila moja, kwa fedha zinazokaribia dola bilioni moja. Mgodi wa makaa upo hatua chache tu kutoka kituoni, kwa hiyo hawawezi kulaumu usafiri. Maboila yalikuwa na kasoro tangu mwanzo, mashine zikawa zinazimika moja baada ya nyingine, na nchi ikaendelea kununua umeme kwa jirani na kuchoma dizeli huku mkopo wa kituo ukidai marejesho. Ni yule kijana wangu wa Nkuhungu tena, isipokuwa umeme wa njia tatu ulikuwepo na mashine ndiyo iliyokataa.

Kwetu, Kiwira ina mgodi uliojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1980 pamoja na mtambo mdogo wa megawati 6. Mipango ya kuupanua hadi megawati 200 imezungumzwa na serikali kadhaa na haijatimia. Mchuchuma, wilayani Ludewa, ulitiwa saini mwaka 2011 kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Sichuan Hongda ya China, ukiwa na kituo cha megawati 600 kilichofungwa pamoja na chuma cha Liganga, na kituo hicho hakijajengwa. Ngaka ndiyo inayochimbwa kwa biashara, na makaa yake huenda kwenye viwanda vya saruji na nje ya nchi kupitia bandari ya Mtwara. Kwa maneno mengine, makaa yetu yamepata wanunuzi bila kupitia kituo cha umeme, na huenda wanunuzi hao ni wa uhakika zaidi.

Ulitaka jibu lisilo la kisiasa, basi chukua tarakimu hizi ukawape wanafunzi wako wa hesabu. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115 na liligharimu kiasi cha shilingi trilioni 6.5. Kemper ilikusudiwa kuwa na megawati 582 kwa dola bilioni 7.5. Wakipiga hesabu ya gharama kwa megawati moja, kwa dola ya shilingi 2,500, watakuta ile ya Kemper ni kama mara kumi ya yetu. Waambie pia kwamba kulinganisha maji na makaa si haki kamili, maana maji yana ukame na sisi wa kanda ya kati tunaujua ukame kuliko kufundishwa. Na bwawa letu nalo lilichelewa: lilitakiwa Juni 2022, mashine ya kwanza ikawashwa Februari 2024, na zote tisa zikakamilika mwaka 2025. Tofauti ni kwamba lilijengwa kwa teknolojia iliyozoeleka, na kwa sehemu kubwa kwa fedha za bajeti badala ya mkopo unaozaa riba kila usiku.

Je, hicho kituo kipo bado au ni magofu? – Msomaji wa Mpwapwa

Kipo na kinafanya kazi. Mitambo yake ya gesi ilianza kufua umeme Agosti 2014, miaka mitatu kabla ya makaa kuachwa, na inaendelea kwa gesi asilia inayoletwa kwa bomba. Pale yalipokuwa matanuri marefu hakuna kitu tena, na mgodi ulifungwa, mashimo yakaanza kufukiwa na ardhi kurudishiwa udongo wake wa juu ili iote miti. Lignaiti karibu yote imebaki chini, ilikokuwa.